Mashavu ya Edah

Watu waliokuja kumwona Edah hawakuuliza habari ya macho wala ya miguu. Waliangalia mashavu. Mgeni angeinama mlangoni, asalimie kwa mulembe, avue viatu vyake vya matope ingawa Lenah, mamake Edah, alikuwa amemkataza, na kabla hajakalia kiti macho yake yalikuwa yameshatua kwenye uso wa yule msichana.

"Ai! Huyu ndiye Edah? Si amenona!"

"Mungu ni mwema," Lenah angejibu, akijifanya anatafuta kikombe.

Na kweli uso ulikuwa umejaa. Edah alizaliwa na uso mrefu mwembamba wa babake marehemu, lakini sasa ulikuwa mviringo, mashavu yameng'aa na kuyasukuma macho juu, na kidevu kimepata mwenzake chini. Hapa Kanduyi aliyekonda ndiye huulizwa ana shida gani. Aliyejaa husifiwa, na anayemlisha husifiwa zaidi.

Lenah alikuwa amemlisha, hilo hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Aliamka na jogoo akakoroga uji wa wimbi, wimbi aliousaga mwenyewe kwa jiwe kwa sababu wa mashini, alisema, huwa na ladha ya chuma. Aliutia maziwa na kijiko cha simsim iliyopondwa. Mchana palikuwa na ndizi zilizopondwa na njugu, jioni ugali na kuku kama yupo, mboga ya mrenda kama hayupo. Edah akisema ameshiba, mama yake aligeuza kijiko upande wa pili na kusema, "Huu ni wa babako." Na Edah, mtu mzima na kazi yake, angefungua mdomo.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa umeanzia Kitale. Edah alikuwa fundi wa sare za shule, akishona na rafiki yake Jelimo, msichana wa Kapsokwony mwenye mdomo usiojua kufungwa. Kitu cha kwanza kilikuwa kwikwi. Kwikwi ya kawaida, ile ya watoto, ila hii haikutaka kukatika. Jelimo alimcheka, akamwambia kuna mwanamume anamtaja. Kisha kukaja kutapika, na kila mtu akawa daktari: huyu akasema taifodi, yule akasema vidonda vya tumbo. Halafu siku moja Edah aliinua kichwa kutoka kwa cherehani, akasema jicho la kulia limeingia masizi kama kioo cha taa ya mafuta. Jicho hilo halikurudi tena. La kushoto nalo likaanza kufifia, na miguu ikakufa ganzi mpaka kiunoni, ikabidi Jelimo ambebe mgongoni mpaka hospitali.

Lenah alifika Kitale na nguo zake kwenye leso. Akampata mtoto wake amelala, uso mifupa mitupu. Daktari alikuwa mwanamke mtulivu mwenye sauti ya chini, akavuta kiti akaketi karibu naye.

"Mama, una mbwa nyumbani?"

"Ninaye."

"Kazi yake?"

"Si kulinda boma."

"Sasa, mwili wa kila mtu una mbwa wake. Huuma mdudu anayeingia. Mahali anapouma panawaka moto, panavimba, mdudu anakufa, na mbwa analala. Mbwa wa Edah amesahau mwenyewe ni nani. Anauma mshipa wa jicho, anauma uti wa mgongo. Hakuna mdudu huko ndani. Kuna uvimbe tu, na uvimbe ndio unaoharibu."

Lenah alifikiri kwanza. Hakuwa mtu wa kujibu haraka.

"Mbwa wa hivyo kwetu huuawa."

"Ukimuua, nani atakulindia boma? Tunamfunga." Daktari alitikisa chupa ya tembe. "Hii ndiyo mnyororo. Ataanza na nyingi, mimi mwenyewe nitazipunguza polepole, na dawa nyingine itakuja kusaidia. Lakini asiache. Hata akijisikia mzima, asiache. Mnyororo ukifunguliwa ghafla, mbwa anarudi na njaa. Na msishtuke, dawa hii itamjaza uso."

Lenah alisikia yote. Lile la mbwa alilishika, lile la kutoacha alilishika. Lile la uso likampitia kama upepo, kwa maana uso aliokuwa anauangalia siku hiyo haukuwa na kitu cha kujazwa.

Jicho la kushoto lilirudi. Miguu ikarudi, kwanza na fimbo, kisha bila fimbo. Edah akaja kwa mama yake Kanduyi apate nguvu, na cherehani yake ikabaki Kitale imefunikwa, ikingoja. Hakuna alichokuwa anataka isipokuwa hicho: kurudi kuketi mbele ya ile mashini. Na kila kitu, uzi, sindano, mkate wake wa kila siku, kilikuwa kimening'inia kwenye jicho moja.

Jelimo alipiga simu karibu kila jioni.

"Umekula tembe?"

"Nimekura," Edah angejibu, kwa maana akichoka ulimi wake ulikuwa unarudi nyumbani kabisa.

"Tembe hupigiwa kura siku hizi? Meza bana, uchaguzi bado!"

Edah angecheka mpaka mashavu yakafunga macho. Akimaliza kucheka alikuwa anapitisha kidole kwenye shavu, polepole, kama mtu anayepapasa mzigo wa mwenyewe asiyejulikana. Kioo cha ukutani alikuwa amekigeuza. Lenah aliona, akadhani ni haya ya msichana.

Aliyeleta neno la ushuhuda alikuwa Mama Kizito, jirani, kiongozi wa akina mama wa kanisa. Alikuwa mwanamke mkubwa, mkarimu, wa kuingia jikoni kwa mwenzake na kuonja mboga bila kuuliza.

"Mama Edah, mtoto huyu utamficha mpaka lini? Jumapili asimame ashuhudie."

"Bado anameza dawa," Lenah alisema.

"Kwani nani amekataa dawa? Ashuhudie tu alivyotolewa. Watu wanakata tamaa huku nje. Si wamwone!" Akamgeukia Edah, akamfinya shavu. "Hebu angalia hii kitu. Hii si shavu, hii ni andazi."

Edah aliangalia chini akatabasamu. Akakubali.

Jumapili hiyo alivaa gauni la manjano alilokuwa ameliongeza pande zote mbili kwa mkono, mishono midogo iliyonyooka, na Lenah aliiangalia mishono ile kwa furaha kuliko gauni. Kanisa lilikuwa la mabati, joto lishaanza kushuka kutoka juu. Pasta Wekoye, mwalimu mstaafu ambaye hata mahubiri aliyafanya kama anasahihisha madaftari, alimwita mbele akamwambia aseme kwa ufupi.

Edah hakujua kusema kwa ufupi, kumbe. Alianza na kwikwi, watu wakacheka. Akaja kwenye jicho lililoingia masizi, watu wakanyamaza. Akasema jinsi Jelimo alivyombeba miguu ikiburuta, jinsi alivyosikia mama yake akiimba karibu na kitanda na hakuweza kumwona. "Na leo nimesimama," alisema. "Ninawaona. Ninamwona Mama Kizito na kitambaa chake chekundu." Vigelegele vikapasua mabati. Angeketi hapo, mambo yangekuwa mengine.

"Na dawa je, binti yetu?" Mama Kizito alipaza sauti, si kwa ubaya, kwa furaha tu, kama mtu anayeongeza kuni kwenye moto ulioshika.

Edah alisita kidogo sana. Lenah peke yake ndiye aliyeona.

"Dawa nimeacha! Ni Mungu tu, na uji wa mama yangu!"

Ngoma zikalia zenyewe. Lenah alijikuta ameinuliwa, mikono yake imeshikwa huku na huku, wanawake wakiimba jina lake. "Huyu ndiye mama! Huyu ndiye amelisha!" Asubuhi ile ile alikuwa amempa Edah maji ya kumezea, katika kikombe cha buluu. Alijua. Lakini mgema akisifiwa, miguu yake humsikiliza anayesifu. Lenah alicheza. Alicheza mpaka kitambaa kikamtoka kichwani.

Njiani kurudi walitembea mpaka wakaupita uwanja wa michezo.

"Edah. Kwa nini umesema vile?"

"Lipi, mayi?"

"La dawa."

"Limetoka tu." Alikuwa anaangalia vumbi. "Wote walikuwa wananiangalia. Ningesema bado nameza, ingekuwa kama nimewamwagia maji."

"Sasa?"

"Sasa nifanye nini? Nikimeza jioni hii, si nimedanganya madhabahuni?"

"Daktari alisema..."

"Alisema, najua. Mayi, niangalie. Mgonjwa hukaa hivi?"

Lenah akasimama barabarani akamwangalia. Aliona ule uso mviringo unaong'aa kwa jua, na katika uso ule aliona jiwe la kusagia, wimbi, simsim, asubuhi zake zote. Kazi ya mikono yake ilikuwa imesimama mbele yake inapumua.

"Tungoje tuone," alisema.

Hayo maneno mawili ndiyo yaliyomfungua mbwa.

Tembe Lenah hakuzitupa. Alizifunga kwenye kitambaa akaziweka juu ya kabati, kwa kuwa alikuwa mtu asiyetupa hata kifuniko cha chupa. Jelimo akipiga simu, Edah alisema amemeza, na mzaha wa kura ukaendelea, ila kicheko kikawa kifupi.

Kwanza alichoka. Uchovu wa kuketi kitandani asubuhi na kiatu mkononi, bila kukivaa. Mama Kizito akasema ni hewa, watu wengi wanalalamika. Kisha mashavu yakaanza kushuka. Lenah aliliona hilo kabla ya mtu yeyote. Akaongeza simsim, akaongeza maziwa, akachinja jogoo aliyekuwa akimwamsha, na uso wa marehemu mumewe ukaendelea kujitokeza polepole katika uso wa mtoto wake, mfupa baada ya mfupa.

Halafu, wakiwa wanakunywa chai, Edah akapata kwikwi.

Alibana pumzi. Akanywa maji akiwa ameinama. Akaachia pumzi, kwikwi ikarudi.

"Ni mkate," alisema. "Nimekula haraka."

"Hukula mkate," Lenah alisema.

Waliangaliana, kisha kila mmoja akaangalia kikombe chake. Kwikwi ililala nyumba hiyo na kuamka nayo, na hakuna aliyeitaja kwa jina, mpaka siku ya maharagwe.

Walikuwa wameketi mlangoni na ungo, wakichambua rosekoko. Edah alikuwa anachambua kwa vidole zaidi kuliko kwa jicho. Akachukua maharagwe kiganjani, akayasogeza karibu na uso, akayasogeza mbali.

"Mayi, rosekoko ya mwaka huu mbona imepauka? Kama jivu."

Lenah aliangalia ungo. Maharagwe yalikuwa mekundu kama siku yalipotoka kwenye ganda, na madoa yake meupe.

"Imepauka wapi?"

Edah aliacha kuchambua. Akaweka kiganja juu ya jicho la kushoto, akaminya kidogo.

"Nikiligeuza linauma. Huko nyuma ndani. Tangu juzi."

Ungo ulianguka. Lenah aliingia ndani akapanda juu ya kiti, yeye na magoti yake mabovu, akashusha kile kitambaa cha tembe. Edah alimeza, na kabla maji hayajatulia tumboni akatapika yote kwenye maua ya mlangoni. Akajaribu tena. Akatapika tena. Hapo Lenah ndipo alipompigia Jelimo, akibonyeza simu kwa kidole kimoja kama mtu anayetoa mwiba.

"Mama, aliacha lini?" Jelimo hakuwa na mzaha hata mmoja.

"Tangu ushuhuda."

"Ushuhuda wa nini?"

"Wa kupona."

Kwenye simu Lenah alisikia cherehani ikisimama.

"Mleteni sasa hivi," Jelimo alisema. "Usipike, usifue, usiage mtu. Mlete."

Gari la Kitale liliposimama Misikhu kupakia abiria, wachuuzi walikuja na parachichi na vitunguu mpaka dirishani, wakimwita Edah dada, wakimwita shemeji. Edah aligeuza uso kwenye sauti zao.

"Mayi, kunataka kunyesha? Mbona giza limeingia mapema?"

Jua lilikuwa kali hadi wenye nyanya walikuwa wamezifunika na magunia.

"Eeh," Lenah alisema. "Kuna mawingu."

Jelimo aliwapokea mlangoni mwa hospitali, akamshika Edah mkono mmoja na Lenah mwingine. Daktari alikuwa yule yule. Alimulika jicho, akamgonga magoti, akamkwaruza nyayo kwa ufunguo, kisha akauliza kwa ile sauti yake ya chini kama tembe zilikuwa zinamezwa. Edah akageukia ukuta.

"Aliacha," Lenah alisema. "Alikuwa amenona, daktari. Tukaona amepona."

Daktari aliugusa uso wa Edah kwa ncha za vidole, pale mashavu yalipokuwa.

"Mama, ule haukuwa unono. Ni ile dawa inayojaza uso. Nilikuambia."

"Uliniambia."

"Sasa mbwa amerudi, na ameanza na jicho lililobaki. Tutamfunga kwa dripu, dawa ile ile lakini nyingi. Nitafanya niwezavyo. Sitaki kukudanganya."

Lenah alikunja pembe ya leso, akaikunjua.

"Kwa hivyo si uji?"

"Uji gani, mama?"

"Hapana," alisema. "Si kitu."

Dripu ilianza siku hiyo hiyo. Ilishuka tone kwa tone, na Lenah aliyaangalia matone kama alivyokuwa akiangalia maziwa yasifurike. Kwikwi ikakatika. Kutapika kukaisha. Edah akaanza kula, akaanza hata kubishana na Jelimo kuhusu nani atakaa karibu na dirisha wakirudi kazini. Kila asubuhi Lenah alimwuliza, "Je?" na kila asubuhi Edah alijibu, "Kuna kitu kama moshi mweupe. Nafikiri kinapungua." Alijibu kwa upole mno, kama mtu anayempa mgeni habari njema ya uongo ili alale.

Mama Kizito alipiga simu, akalia, akaomba kwenye simu kwa sauti mpaka wagonjwa wengine wakageuka. Mwishoni akauliza, kwa sauti ndogo isiyo yake, "Mama Edah, watu wanauliza. Tuwaambie nini?"

"Waambie asubuhi ile alikuwa amemeza," Lenah alisema. "Mimi ndiye nilimpa maji."

Asubuhi dripu ya mwisho ilipotolewa, daktari alikuja akafungua pazia lote. Mwanga uliingia mpaka chini ya vitanda. Jelimo alisimama kwenye miguu ya kitanda, na Lenah aliketi ukingoni, mkono wake mmoja chini ya blanketi ukiwa kwenye goti la Edah, kulipasha joto.

"Edah, angalia mbele. Vidole vingapi?"

Daktari aliinua viwili. Lenah aliuona uso wa mtoto wake ukitafuta hewani kama mtu anayepapasa kitasa gizani, na mkono wake chini ya blanketi ukafanya kitu ambacho hakuwa ameutuma. Uligonga goti. Mara mbili.

"Viwili," Edah alisema.

"Vizuri!" Daktari alisogea nyuma kidogo, akainua vinne.

"Vinne."

Jelimo alitoa sauti, akaziba mdomo kwa mikono miwili. Daktari naye alikuwa karibu kutabasamu. Kisha akatazama blanketi. Akauweka mkono wake mfukoni mwa koti, akauliza, "Na sasa?"

Lenah hakujua agonge nini. Edah alisubiri, uso umeelekezwa mbele, tabasamu dogo limeshaanza midomoni, akisubiri.

"Mama Edah," daktari alisema. "Toa mkono."

"Nampasha joto tu."

"Najua. Nisikilize. Kuna tiba nyingine, wanasafisha damu kwa mashini. Iko Eldoret, na inafaa ifanywe mapema. Nikiandika anaona, hawatampokea. Nikiandika haoni, anaweza kupata nafasi, na hata hapo si lazima jicho lirudi. Sasa nataka nijue kile anachoona yeye. Si kile unachoona wewe."

Lenah aliutoa mkono. Ulikuwa mzito kama si wake. Aliuweka mapajani, akauwekea mwingine juu, akaukandamiza.

Daktari aliinua vidole tena. Edah aligeuza kichwa kidogo upande wa mama yake, akangoja. Goti lake lilisogea chini ya blanketi, likatafuta, likagusa paja la Lenah, likakaa hapo. Huko nje mtu alikuwa anasukuma toroli la chai, vikombe vikigongana.

Vidole vilikuwa vitatu. Lenah aliviona vizuri sana, hata kucha, hata kovu dogo kwenye cha kati. Akaunyamazisha mkono wake, akaangalia ukuta.

"Daktari," Edah alisema mwishoni, "sioni kitu."